Kuzaa Si Kazi: Maswali ya Mtu Aliyetoa Moduli Akaondoka

Miaka mitatu iliyopita nilitoa zawadi kwa watu nisiowajua. Mwaka jana nikaja kuambiwa kwamba zawadi hiyo imewaachisha abiria watatu basi. Na sisemi walichelewa dakika kumi. Walifika stendi usiku, mizigo mkononi, tiketi kwenye simu, wakakuta basi lao liliondoka jana yake.

Aliyenipa habari ni kijana anayeandika programu kwenye kampuni ndogo ya kukatisha tiketi mtandaoni. Alinitafuta mpaka akanipata kwa namba ya simu. "Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu. Ile moduli ya saa za Kiswahili, ni wewe uliyeiandika?" Nikakaa kimya kidogo. Nilishasahau kwamba kuna kitu duniani kinaitwa moduli yangu.

Ngoja nieleze, maana najua wengi mnaosoma hapa mnakuja kwa ajili ya riwaya na mashairi, hamkuja kwa ajili ya kompyuta. Hata mimi ni mwandishi wa habari. Wakati ule nilikuwa nimewekwa kwenye dawati la takwimu, na kwa kuhangaika usiku usiku nikajifunza kuandika msimbo wa kunisaidia kazi. Hapo ndipo nilipokutana na ghala la pamoja: mahali ambapo watu wa nchi mbalimbali, wengi hawajawahi kuonana, huweka programu ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuitumia na kuirekebisha bila kulipa. Ndiyo inayoitwa programu huria. Moduli ni kipande kimoja cha programu hiyo chenye kazi yake maalumu, kama chumba kinachoongezwa pembeni ya nyumba.

Ghala nililolikuta lilikuwa na kazi ya kugeuza tarehe na saa kuwa maneno, kwa lugha nyingi. Kiswahili kilikuwemo, lakini kwa jina tu. Ukiipa saa 08:00 inakuandikia "saa nane asubuhi". Sasa niambie, nani anasema hivyo? Nikakasirika kizalendo. Nikakaa wiki mbili nikaandika moduli yangu: saa mbili asubuhi, saa kumi na moja alfajiri, saa sita mchana, saa moja jioni. Nikaipeleka.

Mtunzaji wa lile ghala ni mzee mmoja wa Ulaya ambaye hadi leo sijawahi kumwona sura. Aliisoma kazi yangu mstari kwa mstari, akanionyesha makosa mawili, nikarekebisha. Kisha akauliza swali moja: hii nani ataitunza? Mimi Kiswahili sijui.

Swali lile liliniudhi, nasema kweli. Nimekuja na zawadi, naulizwa maswali ya mkopo. Lakini nikajibu kwa upole kwamba nitakuwepo. Nilijibu kama tunavyojibu mwaliko wa kikao cha harusi: nitakuwepo, bila shaka, Mungu akipenda. Moduli ikaingizwa, jina langu likaandikwa kwenye orodha ya waliochangia, nikapiga picha ya skrini nikawaonyesha marafiki. Miezi minane baadaye nikabadilisha kazi. Barua pepe ya ofisi ya zamani ikafungwa, na barua pepe hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye orodha.

Kasoro yenyewe ilikuwa hivi. Basi linaondoka saa 00:30, na kwa kalenda ya kompyuta hiyo ni Jumatano, kwa sababu siku mpya imeanza nusu saa iliyopita. Moduli yangu ikaandika: "Jumatano, saa sita na nusu usiku." Kila neno ni sahihi. Lakini msomaji wa Kiswahili akiona Jumatano usiku anaelewa usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumatano. Ilitakiwa kuandikwa "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano". Kwa wazee wa pwani mambo ni mazito zaidi, maana kwao siku huanza jua likizama, na "usiku wa Ijumaa" ni ule ambao wengine tunauita Alhamisi usiku. Vitu kama hivi mzee wa Ulaya angevijuaje? Alipoletewa malalamiko alijaribu. Niliyasoma baadaye majaribio yake: alifungua kamusi, akauliza huku na huku, akaniandikia mara nne kwenye anwani iliyokufa. Mwishowe akaongeza onyo juu ya moduli, kwamba saa za usiku zisiaminiwe, akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya kwa lugha asiyoijua.

Hapo ndipo swali la makala haya linapoanzia. Je, nilimkosea mtu? Aliyetoa bure anaweza kudaiwa?

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni hapana, na ni jibu lenye nguvu, tusilidharau. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sikumlazimisha mtu kutumia moduli yangu. Sikupokea hata shilingi. Leseni iliyoambatana nayo, kama zilivyo leseni nyingi za programu huria, inasema wazi kwamba kitu hiki kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Kampuni ya tiketi ilikuwa na mwandishi wake wa programu, tena anayezungumza Kiswahili. Angeijaribu kabla ya kuwatumia abiria ujumbe. Ukiokota embe chini ya mwembe wangu likawa na funza, utanishtaki?

Nilikaa na jibu hilo kama wiki mbili. Lilinituliza mchana, usiku halikunituliza. Nikaanza kulichunguza kwa nini halitoshi.

Shida ya kwanza ni ule mfano wa embe. Embe ukishalila limekwisha. Moduli haiishi kwa kuliwa, na pia haikai kama ilivyo. Lugha ya programu iliyoandikwa nayo hubadilika, programu zinazoizunguka hubadilika, watu huitumia mahali ambapo hukupawaza. Mimi nilipoandika, mabasi ya usiku wala hayakunijia akilini. Kitu kisichoguswa kwenye ghala la msimbo hakibaki kizima, kinaoza polepole, na mtu fulani anatakiwa akiangalie. Kwa hiyo zawadi niliyotoa inafanana zaidi na mbuzi. Ukimpa jirani mbuzi umempa mali, sawa, lakini pia umempa kazi ya kukata majani kila jioni. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi nilizaa, nikapiga picha, nikaondoka.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Yule kijana wa kampuni ya tiketi hakuniamini mimi, maana hanijui. Aliliamini ghala. Aliona kazi iliyokaguliwa, yenye historia ya miaka, yenye mtunzaji anayejibu. Moduli yangu ingekaa kwenye kompyuta yangu peke yake, asingeigusa. Kwa kuipeleka pale nilichukua kitu kwa mzee yule: nilikopa jina lake jema. Hata tendo lenyewe, kwa Kiingereza na kwa tafsiri yoyote, huitwa ombi. Unamwomba mwenye ghala aivute kazi yako aiweke ndani. Nilidhani natoa, kumbe nilikuwa natoa na kuomba kwa wakati mmoja. Naomba jina lako, naomba macho yako, naomba miaka yako ijayo.

Wanaofuatilia mambo haya wanakumbuka Heartbleed. OpenSSL ni maktaba ya programu inayosaidia tovuti kuyaficha mawasiliano ili wadukuzi wasiyasome. Ukiingia benki mtandaoni, uwezekano ni mkubwa kwamba umepita mikononi mwake au mwa ndugu zake. Mwishoni mwa 2011 kiliingizwa kipengele kipya, mchango wa mwanafunzi wa udaktari huko Ujerumani. Mkaguzi aliupitia, hakuona tatizo. Ndani yake kulikuwa na kosa dogo: programu ilikubali urefu wa ujumbe kama ulivyotajwa na mtumaji, bila kuhakikisha kwamba ujumbe wenyewe una urefu huo. Mtu mjanja angeweza kutuma neno moja, akasema ni maelfu ya herufi, na kompyuta ikamrudishia neno lake pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake, nywila zikiwemo. Kosa hilo lilikaa hadi Aprili 2014 lilipotangazwa, na dunia nzima ikaanza kubadili nywila.

Wengi walimtafuta mwanafunzi yule wamlaumu. Mimi kilichonishtua ni taarifa nyingine iliyotoka siku zilezile: maktaba hiyo, iliyobeba siri za benki na serikali, ilikuwa na mtu mmoja tu anayeifanyia kazi kwa muda wote, na michango ya hiari iliyokuwa ikiingia ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila aliyeleta kipengele kipya aliuona mzigo wa mtunzaji ni mwepesi, akaongeza kipande chake kidogo juu.

Basi hapo ungeweza kufunga mjadala. Aliyetoa anadaiwa, atunze alichotoa. Lakini subiri. Anadaiwa mpaka lini?

Nikikuambia kwamba ukitoa kitu kwa umma basi umejifunga maisha, nimekigeuza kitendo cha hisani kuwa utumwa. Na watu wa namna hiyo tunao, hatuhitaji kuwabuni. Lasse Collin, wa Finland, aliitunza kwa miaka mingi programu ya kubana mafaili iitwayo xz, iliyomo ndani ya mifumo mingi sana ya Linux. Mwaka 2022 alianza kuandamwa na ujumbe wa kumlaumu kwamba kazi inakwenda pole pole, kwamba akabidhi wengine. Aliandika hadharani kuwa uwezo wake umepungua, kwa sababu ya afya ya akili ya muda mrefu miongoni mwa mengine, na akakumbusha kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Pembeni alikuwepo mtu aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, aliyekuwa akileta michango mizuri tangu 2021. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; akapewa jembe. Mapema mwaka 2024 matoleo mawili ya xz yakatoka yakiwa na mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo kuingia kwenye kompyuta za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine zake kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla mlango haujasambaa kila mahali.

Nikiisoma habari ile nikiwa na kesi yangu mfukoni, naona mambo mawili. Kwanza, mtu anayetakiwa asiondoke kamwe ataondoka vibaya, kwa kuchoka, na uchovu wake ni tundu kwenye ukuta wa kila mmoja wetu. Pili, mchango mzuri peke yake haumtofautishi mtu mwema na mwizi. Jia Tan alichangia kuliko mimi. Alikuwepo kuliko mimi. Kwa kipimo cha "nani ataitunza?" angepita.

Kwa hiyo haki ya kuondoka lazima iwepo. Swali linabaki ni kuondoka vipi. Machi 2016, Azer Koçulu aliziondoa moduli zake zaidi ya 250 kutoka ghala maarufu la npm, baada ya kugombania jina la moduli mojawapo na kampuni iliyolitaka, na ghala likaipa kampuni. Moja kati ya hizo iliitwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Maelfu ya programu duniani zilikuwa zinaitegemea, nyingi bila wenyewe kujua, zikagoma kujengeka siku ileile. Ghala likairudisha ndani ya saa chache, na baadaye likabadili kanuni zake za kuondoa vitu.

Nikiwauliza marafiki kuhusu kisa hiki, hugawanyika nusu kwa nusu. Wengine husema msimbo ni wake, aliudhiwa, ana haki. Wengine husema aliwaadhibu wasiohusika. Mimi nadhani wote wako sawa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Alikuwa na haki ya kuacha kuitunza. Kuing'oa watu wakiwa wameshaitegemea ni jambo jingine, kama fundi aliyedhulumiwa na mwenye nyumba akaja kutoa mabati usiku, kumbe ndani wamelala wapangaji.

Lakini mbona nasema habari za Koçulu, mimi nilifanya nini? Sikung'oa kitu. Niliondoka kimya, na kimya changu kilikuwa na ubaya wake. Jina langu lilibaki kwenye orodha likisema "yupo" wakati sipo. Aliyeng'oa aliwaambia watu ukweli, kwa ukali. Mimi niliwaacha na uongo wa upole.

Kuna faili moja kwenye ghala la kiini cha Linux ambalo nimelipenda kuliko mashairi mengi. Linaitwa kwa jina linalomaanisha watunzaji, na ndani yake kila sehemu ya mfumo ule mkubwa ina mstari unaoeleza hali ya matunzo yake. Ipo hali ya mtu anayelipwa kuitunza. Ipo ya mtu anayeitunza kwa hiari. Ipo ya mtu anayerekebisha hapa na pale akipata nafasi. Na ipo hali inayoitwa, kwa neno hilo hilo, yatima.

Nilipoliona neno hilo nilihuzunika kidogo, halafu nikaona linavyosaidia. Kuandika yatima si tusi. Ni habari. Anayepita anajua kwamba hapa hakuna mlezi, akitumia atumie kwa macho mawili, na akiwa na uwezo anaweza kumchukua mtoto huyu. Nikaanza kuona kwamba deni la mtoaji halipimwi kwa miaka. Anachodaiwa ni kusema ukweli kuhusu kitu alichotoa: kinafanya nini, hakifanyi nini, nani anakiangalia, na siku ambapo hakuna tena anayekiangalia. Mtu anaweza kuahidi miezi sita akawa mwaminifu kuliko aliyeahidi daima.

Na sisi jambo hili tunalijua, isipokuwa tumelizoea kwenye sherehe. Neno letu la tendo hili ni mchango. Kwenye mchango wa harusi unaandika ahadi yako kwenye kadi, kiasi gani na lini. Mhasibu wa kamati atakupigia simu mpaka uchoke. Hakuna anayekulazimisha kuahidi laki mbili. Elfu thelathini inapokelewa. Aibu inakuja pale ulipoandika laki mbili, kamati ikalipia ukumbi kwa hesabu hiyo, kisha simu yako haipatikani. Nilichofanya ghalani ni hicho. Niliahidi "nitakuwepo", mzee akalipia ukumbi.

Nisijibebeshe mzigo wote peke yangu lakini, maana upande wa pili nao una la kujibu. Babu yangu alikuwa na shamba la migomba Kilimanjaro, kwenye mfereji, ile mifereji ambayo Wachagga walichimba vizazi vingi nyuma kuleta maji ya mlimani kwenye vihamba. Maji yalikuwa kwa zamu. Na kulikuwa na siku ya kusafisha: kila nyumba inayopata maji inatoa mtu na jembe, kuanzia shina la mfereji kushuka. Asiyekuja anatozwa, akizidi ananyimwa zamu. Babu alisema ukitaka kuchepusha mkono mpya kwenda shambani kwako, wazee hawaulizi kwanza una haja gani na maji. Wanauliza nani atausafisha.

Lile swali la mzee wa Ulaya, basi, babu angelitambua. Ila babu angeuliza na la pili: hawa wanaokunywa maji wako wapi siku ya jembe? Kampuni ya tiketi ilitumia moduli yangu karibu mwaka mzima. Ilikuwa na watu wanaojua Kiswahili kuliko mtunzaji, na maslahi kwenye kila saa iliyoandikwa. Haikurudisha hata mstari mmoja. Kijana aliponipigia nilimwuliza, kwa nini hukurekebisha mwenyewe ukapeleka? Akacheka kwa aibu. "Dada, sikujua kama inaruhusiwa. Nilijua ni vitu vya wenyewe."

Kauli ile ilinikaa. Hapa kwetu wengi tunaviona hivi ni vitu vya wenyewe, vya huko. Na huo si ukweli wote. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika kwenye hospitali za nchi nyingi, ulianza mwaka 2004 na mizizi yake mojawapo iko Eldoret, kwenye kliniki za magharibi mwa Kenya. Nao umejengwa hivyo hivyo, kiini kimoja na moduli ambazo kila mahali panaongeza kulingana na mahitaji yake. Kiswahili chenyewe ndani ya kompyuta kimefika hapa kwa mikono ya watu waliojitolea kutafsiri, neno kwa neno. Mfereji unapita kwenye kihamba chetu. Kusema ni wa wenyewe ni njia mojawapo ya kukwepa jembe.

Marcel Mauss, mwanazuoni wa Kifaransa, aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi katika jamii nyingi huambatana na wajibu tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Nilipomsoma chuoni nilijibu mtihani nikasahau. Leo ningemwongezea la nne, kwa zawadi zinazoishi: kulea. Na huo wa nne haumwangukii mtoaji peke yake. Unahama. Leo ni wangu, kesho ni wa anayefaidi, keshokutwa ni wa asiyejulikana bado.

Wapenzi wa mashairi, hili hatuwezi kujifanya hatulijui. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga akafa karne ya 19. Kwamba tunamsoma leo ni kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya tungo zake pamoja na William Taylor, na Hichens akazichapa mwaka 1940. Watoto wa shule wanamjua Muyaka. Mwalimu Sikujua wanamjua wangapi? Tunampenda anayeleta kipya. Anayekaa na cha zamani, akakinakili, akakifuta vumbi, akauliza neno hili lina maana gani, huyo tunamwita msaidizi. Orodha ya michango kwenye ghala la msimbo ina tabia hiyo hiyo: moduli mpya inaonekana, inashangiliwa. Mara nne za kumwandikia mtu kwenye barua pepe iliyokufa hazihesabiwi popote.

Basi nilirudi. Rekebisho lenyewe lilichukua jioni moja: saa kati ya saa sita usiku na alfajiri sasa zinataja siku mbili, ile inayoisha na ile inayoamkiwa. Yule kijana wa tiketi aliijaribu kwa ratiba zao zote, akakuta kosa jingine kwenye saa za jioni, akalirekebisha mwenyewe. Jina lake sasa limo.

Nilimwandikia mzee kuomba radhi. Hakunilaumu. Alisema amefurahi nipo hai, maana alipokosa majibu alidhani nimekufa. Aliikagua kazi yetu mstari kwa mstari, kama mara ya kwanza, na mwishoni akauliza swali lake lilelile: hii nani ataitunza?

Safari hii sikuudhika, na sikusema nitakuwepo. Niliandika kwamba mimi na mwenzangu tutaitunza mpaka Desemba mwakani, kwa anwani hizi mbili ambazo si za ofisi, na kwamba mwezi mmoja kabla tutaandika tena, ama kuongeza muda ama kumtaja mwingine. Tusipoandika, aweke neno yatima mahali pa majina yetu.

Akajibu kwa neno moja, la Kiswahili, nadhani kalitoa kwenye ile kamusi: "Sawa."